Maji Safi Kwanza, Moteri Baadaye

Masomo: Ezekieli 36:25-31, Mathayo 5:23-24, Luka 11:24-26, Mithali 20:10



Wengine kati yenu watashangaa kukuta katika karatasi ya kanisa habari za moteri ya motokari iliyokufa. Wasishangae. Bwana Yesu alifundisha watu kwa mbegu, kwa chachu, kwa wavu wa samaki na kwa senti iliyopotea ndani ya nyumba. Alishika vitu ambavyo watu walikuwa navyo mikononi. Na hapa Likasi, watu wengi wanakula kwa barabara. Miaka ya 2003 na 2004, wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines waliacha kazi kwa ule mpango wa kuondoka kwa hiari, na kila mmoja alijiuliza atalisha watoto namna gani. Wako waliolima, wako waliofungua duka, wako waliotafuta motokari ya okazioni iliyotoka Japani, usukani kuume, wakaanza kupakia watu kwenda Lubumbashi na kurudi. Kwa nyumba za namna hiyo, moteri ikifa, sufuria nayo inapoa.

Ndivyo ilivyompata ndugu mmoja wa parokia yetu. Ametupa ruhusa kueleza habari yake, ila jina lake tunaliacha.

Motokari yake ni Toyota ndogo, ile inayokula esansi kidogo. Kwenye tablo inaonyesha karibu kilomita 300,000. Tufanye hesabu pamoja, maana hesabu nayo ni kazi ya Mungu. Kutoka Likasi mpaka Lubumbashi ni kama kilomita 120. Kilomita 300,000 ni safari 2,500 za kwenda tu. Ni kuizunguka dunia yote mara saba na nusu. Tukikisia kwamba motokari ilikwenda kilomita 60 kwa saa, na moteri ikazunguka mara 2,500 kila dakika, basi chuma kile kimezunguka mara milioni 750. Mara milioni 750 pistoni zimepanda na kushuka, na kati ya chuma na chuma hakukuwa na kitu ila utando mwembamba wa mafuta. Mtu akitazama jambo hili vizuri hatauliza kwa nini moteri imekufa. Atauliza iliwezaje kuishi hivyo vyote.

Lakini ndugu yetu hakuuliza hilo. Mwezi wa kumi, wakati wa joto kali kabla ya mvua, motokari ilizimika barabarani na abiria ndani, moshi mweupe ukatoka nyuma, na moteri ikakataa kabisa kuzunguka. Akaikokotesha mpaka nyumbani. Siku ya tatu akaenda kwa mtu mmoja anayejiita nabii, ambaye si wa kanisa letu, na mtu yule akamwambia kwamba moteri imefungwa na mwanamke mzee wa upande wa baba yake.

Mwanamke mzee wa upande wa baba yake ni mmoja tu aliye hai. Ni shangazi yake, mjane, anakaa Kikula. Ndiye aliyemlea alipokuwa mtoto.

Toka siku ile hakumsalimu tena. Watoto waliokuwa wakimpelekea unga kila Jumamosi wakakatazwa. Majirani walipoona watoto hawaji, wakauliza. Na walipojibiwa, wakaanza kuvuka upande wa pili wa njia kila walipomwona yule mama. Ninyi nyote mnajua mambo haya yanaishia wapi. Katika nchi yetu wazee wamefukuzwa nyumbani, wamepigwa, wengine wameuawa, kwa neno moja la namna hiyo, na watoto wadogo wametupwa barabarani kwa neno lile lile. Kwa hiyo tunaposema habari ya moteri, mjue kwamba tunasema habari ya uhai wa mtu.

Kisha ndugu yetu akaja kwetu sisi wazee wa kanisa na maombi mawili. La kwanza, tufanye maombi ya kuvunja kazi ya shangazi yake. La pili, parokia imsaidie kwa nsinsani apate kununua moteri nyingine.

Sisi hatusemi kwamba Shetani hayupo. Yupo, na kanisa hili lilizaliwa katika vita naye. Papa Simon Kimbangu alipoanza kazi ya Bwana mwezi wa nne mwaka 1921, watu walikuja Nkamba kwa maelfu, na njiani walitupa minkisi yao, ikalala kando ya barabara kama kuni. Hakuna aliyewalazimisha. Walikuwa wamesikia kwamba Kristo ana nguvu kuliko vile vitu. Sasa tunauliza: je, babu zetu walitupa nkisi ili sisi tubaki na woga wake? Mtu asiyeweka tena hirizi chini ya kiti cha motokari, lakini bado anatafuta mchawi kila kitu kikiharibika, huyo ametupa mti akabakiza mizizi. Na mizizi ile inalisha manabii wa uongo wa mitaani, ambao hawajawahi kumwambia mtu, "Rudi nyumbani, kosa ni lako."

Tulimjibu kwamba kabla ya kuomba juu ya moteri, moteri ifunguliwe. Katika parokia tuna papa mmoja aliyefanya kazi miaka mingi katika atelye kubwa za Gécamines pale Panda, mtu wa kupima chuma kwa unywele. Alikuja siku ya Jumamosi na vifunguo vyake. Wazee wawili walikuwa pale, na ndugu yetu mwenyewe alikuwa pale, na tulimwomba asiende kukaa kivulini bali ashike taa.

Papa yule alianza kwa kufungua kizibo cha mafuta ya moteri. Chini ya kizibo palikuwa na kitu kama chai ya maziwa. Mafuta safi hayana rangi hiyo. Hiyo ni rangi ya mafuta yaliyochanganyika na maji. Akaondoa kulasi, yaani kichwa cha moteri, akaweka rula ya chuma juu yake, na mwanga ukapita chini ya rula: kulasi ilikuwa imepinda kwa joto. Joenti iliyo kati ya kulasi na moteri ilikuwa imeungua mahali pamoja, na hapo ndipo maji yalipopita kwenda kwenye mafuta. Mafuta yakapoteza nguvu, vyuma vikasagana, vikashikana. Kisha akashika radiateri. Nusu ya mirija yake ilikuwa imezibwa na kutu na tope. Mwisho akatuonyesha kizibo cha radiateri. Mpira wake ulikuwa umekatika, tena si jana.

Hapa tunataka mwelewe, hasa ninyi mashofere. Maji ya moteri yanafanya kazi karibu na joto la 90. Mji wetu uko juu, kama meta 1,300 kutoka usawa wa bahari, na mahali pa juu maji yanachemka mapema. Hapa kwetu sufuria iliyo wazi inachemka kama kwenye 96, haingoji 100. Kizibo kizuri kinabana maji yasichemke upesi. Kizibo kikichoka, maji yanachemka na kutoka kidogo kidogo, na shofere anasimama kwenye kijito, anachota kwa kopo, anajaza, anaendelea. Maji yale ya kijito yana udongo. Udongo unaziba mirija. Mirija ikizibwa, joto linapanda tena, na anachota tena. Ndugu yetu alikiri kwamba alifanya hivyo toka mwezi wa tano. Alisema pia kwamba mafuta hakubadilisha toka Pasaka, maana fedha zilikwenda kwa minervali ya watoto, na mshale wa joto kwenye tablo ulikuwa umekufa, akauacha.

Papa wa Panda alifuta mikono, akasema maneno machache tu: "Mwanangu, shangazi yako hana vifunguo."

Ndugu yetu alikaa kimya muda mrefu. Hatukumlaumu mbele za watu, na tunaomba ninyi pia msimlaumu. Umaskini unafanya mtu achague kati ya mafuta na minervali, na hilo si dhambi ya kuchekwa. Dhambi ilikuwa kubeba mzigo huo na kwenda kuuweka kichwani mwa mjane.

Sasa tuje kwenye Neno. Wako watakaosema kwamba Bwana mwenyewe alikataza divai mpya katika viriba vya zamani, basi moteri nyingine katika motokari ya zamani ni kazi bure, afadhali aiuze kwa chuma. Lakini tukisoma Ezekieli 36 tunaona Mungu anafanya kitu kinachofanana na hicho kabisa. Haumbi watu wengine. Anachukua watu wale wale waliochoka, waliotawanyika, wenye historia mbaya, anaondoa ndani yao moyo wa jiwe na kuwatia moyo mpya. Mwili ni ule ule, jina ni lile lile. Kwa hiyo kubadilisha moyo na kuacha mwili si jambo geni kwa Mungu. Ila tazameni utaratibu. Ahadi ya moyo mpya iko katika mstari wa 26. Katika mstari wa 25, kabla yake, Mungu anasema atawanyunyizia maji safi. Maji yanatangulia, moyo unafuata. Wahubiri wengi wanapenda mstari wa 26, wanaupigia kelele mpaka sauti inakauka, na wanaruka wa 25.

Muulizeni fundi yeyote mwenye akili, atawaambia vivyo hivyo. Mtu akinunua moteri ya okazioni, nzuri, yenye nguvu, akaifunga kwenye radiateri ile ile yenye tope na kizibo kile kile kilichokatika, ataiua kabla ya miezi mingi. Na kifo cha pili kinauma zaidi, maana sasa kuna deni. Ndilo neno la Luka 11: pepo ametoka, nyumba imefagiwa, lakini hakuna aliyeilinda, na anarudi na wenzake saba. Mwisho wa mtu yule unakuwa mbaya kuliko mwanzo. Tumeona Wakristo wa namna hiyo. Wanaokoka kila kongamano, wanalia, wanaanguka, na Jumatatu wanarudi kwa kimada yule yule, kwa chupa ile ile, kwa chuki ile ile na ndugu yao. Moyo mpya kila mwaka, maji machafu yale yale.

Ndiyo sababu wazee tulimwambia ndugu yetu kwamba nsinsani itafanywa, lakini si Jumapili ile. Mathayo 5 inasema wazi: ukileta sadaka madhabahuni, na hapo ukakumbuka kwamba ndugu yako ana neno juu yako, acha sadaka yako, nenda ukapatane naye kwanza. Kama hivyo ndivyo kwa anayetoa, je, si zaidi kwa anayepokea? Hatukuweza kuchukua franka za mama wanaouza mkaa na mboga, tuzitie katika motokari ya mtu ambaye shangazi yake analala na njaa kwa sababu ya mdomo wake.

Alikwenda Kikula siku ya Jumatano. Alikwenda na wazee wawili, na watoto wake, na unga. Tuliona ni lazima aseme mchana, nje ya nyumba, majirani wakisikia, kwa sababu shitaka lilisemwa nje. Mtu akimchafua mwenzake sokoni asimwombe msamaha chumbani. Yule mama alisikiliza mpaka mwisho. Hakusema amesamehe siku ile. Alipokea unga, akawaita watoto ndani, akawapa viti, na sisi akatuacha tumesimama uani. Kwetu ilitosha kwa siku moja, na hatutaki mtu yeyote amharakishe. Mwenye kidonda ndiye anayejua saa yake.

Baada ya hapo ndipo tukapiga hesabu za moteri, kama Bwana alivyofundisha habari za mtu anayejenga mnara. Papa wa Panda alitusaidia. Moteri yenyewe haiwi peke yake: kuna pompa ya maji, kuruwa, mipira ya maji, joenti na filtri ambazo ni ujinga kuacha za zamani wakati kila kitu kiko wazi, kuna radiateri ya kufunguliwa na kuoshwa mpaka maji yatoke meupe, au kubadilishwa, kuna mshale wa joto wa kufufua. Moteri inunuliwe ya aina ile ile iliyokuwamo, ili nyaya na boksi ya vitesi vipatane nayo. Kabla ya kutoa fedha, fundi apime nguvu ya kila silinda, atazame chini ya kizibo cha mafuta, azungushe kwa mkono. Kilomita za moteri iliyoshuka kutoka kontena hakuna anayezijua, hata muuzaji, na anayeapa kwamba ni 40,000 anaapa juu ya kitu ambacho hakukiona. Karatasi ya mauzo iwekwe, na namba ya moteri ilinganishwe na karte roze, shofere asije akaonekana mwizi mbele ya polisi kwa sababu ya uvivu.

Na tazameni kitu ambacho moteri haibadilishi. Freni ni zile zile. Pine ni zile zile. Kutu iliyo chini ya mlango haijali nguvu mpya iliyo mbele. Tena nguvu mpya inaweza kuua, maana shofere anafurahi, anakanyaga, na freni za kilomita 300,000 hazina habari za furaha yake. Barabara ya Lubumbashi mnaijua, na malori ya shaba na kobalti mnayajua. Tulimwambia: kama fedha hazitoshi kwa moteri na freni, anza na freni, motokari ikae nyumbani. Motokari isiyokwenda haijaua abiria.

Tena namba iliyo kwenye tablo inabaki. Hapa tunasema na wengine kuliko ndugu yetu. Wako wanaobadilisha moteri kisha wanamtafuta kijana mwenye kompyuta arudishe namba nyuma, kutoka 300,000 mpaka 90,000, ili wauze kwa bei ya juu, na wanasema, "Moteri si mpya? Basi motokari ni mpya." Mithali 20:10 inasema Bwana anachukia mizani miwili na vipimo viwili. Namba ile ni kipimo. Anayeirudisha nyuma ameiba, hata kama anaimba katika kwaya, hata kama anapiga filimbi katika fanfari ya kanisa, na fungu la kumi la mauzo yale halitasafisha mauzo yenyewe. Kama umebadilisha moteri, mwambie mnunuzi: imekwenda 300,000, moteri ni ya okazioni, niliifunga mwezi fulani, fundi ni fulani. Atapunguza bei. Mwache apunguze.

Hata Ezekieli anasema hivyo. Someni mpaka mstari wa 31. Baada ya maji safi, baada ya moyo mpya, baada ya Roho anayewafanya watu watembee katika amri, Mungu anasema kwamba hapo ndipo watakapozikumbuka njia zao mbaya. Tungedhani mtu mpya atasahau. Mungu anasema atakumbuka. Zakayo alipopokea wokovu hakusema, "Bwana, tablo yangu sasa ni sufuri." Alisimama akahesabu aliowadhulumu, akaahidi kurudisha mara nne. Msamaha ulimpa nguvu ya kusoma namba yake mwenyewe bila kuogopa.

Kanisa letu linasema maneno matatu: Upendo, Amri, Kazi. Watu wanapenda kuyasema kwa haraka kama wimbo. Katika jambo hili mnaweza kuona kila moja limekaa wapi. Upendo ulikwenda Kikula na unga. Amri ni mafuta kubadilishwa siku yake, hata kama motokari bado inakwenda vizuri, maana amri haingoji moshi. Kazi ni Papa yule wa Panda, ambaye hakuomba hata franka moja kwa Jumamosi yake, na aliyeokoa jina la mjane kwa rula ya chuma.

Nsinsani ya moteri itafanyika Jumapili ya pili ya mwezi, baba upande mmoja na mama upande mwingine, kama kawaida, na vijana watajaribu kuwashinda wote. Fedha zitahesabiwa mbele ya watu na kuandikwa. Ndugu yetu atarudisha nusu kidogo kidogo kwa likelemba ya mashofere, ili fedha zile zimsaidie na mwingine; yeye mwenyewe ndiye aliyeomba iwe hivyo.

Na mashofere wote wa parokia, na wenye motokari hata kama si wa kanisa letu, mnaalikwa Jumamosi kabla ya hapo, saa mbili asubuhi, nje ya kanisa. Papa wa Panda na vijana wake watatazama vizibo, maji na mafuta bure. Aje kila mtu na moteri iliyopoa, na mtu asifungue radiateri ya moto kwa mkono wake. Kwa kuwa tutakuwa nje, vaeni viatu.

Bwana awe nanyi barabarani. Amina.